Angalizia Bila Aibu: Mwongozo wa Waziri Mpya wa Afya

Mheshimiwa, hongera kwa uteuzi. Picha ya kuapishwa imetoka vizuri, simu hazikomi, na tayari kuna washauri waelekezi wanaosubiri nje wakiwa na maandiko ya mageuzi makubwa ya sekta ya afya. Waache wanywe chai kwanza. Funga mlango, vuta kiti, nikupe siri ambayo wengi waliokutangulia waliijua wakiwa wameshastaafu: mtihani uliopewa ulishafanywa na wengine, majibu yao yako wazi, na hakuna msimamizi atakayekutoa chumbani kwa kosa la kuangalizia.

Maswali ni yale yale kila nchi. Mgonjwa atafikaje kituoni? Akifika, atamkuta nani? Dawa zipo? Na nani atalipa ili familia isiuze ng'ombe? Mwaka 1978 mataifa yalikubaliana kule Alma-Ata kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na nchi nyingi bado hazijaifikia ahadi hiyo. Huna muda wa kubuni, na Hazina haina fedha za kukulipia makosa mapya. Fuata hatua hizi.

1. Chagua pa kukaa

Usikae karibu na tajiri. Marekani hutumia takriban asilimia 17 ya pato lake la taifa kwa matibabu, na bado mamilioni ya watu wake hawana bima. Karatasi yake ni ndefu, mwandiko unapendeza, jibu si sahihi.

Kaa karibu na aliyefaulu akiwa na kidogo. Thailand ilianzisha huduma kwa wote mwaka 2001 na 2002, miaka michache tu baada ya uchumi wake kuanguka mwaka 1997. Rwanda ilianza majaribio ya mifuko ya afya ya jamii, wanayoiita Mutuelle de santé, mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari. Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilianza mwaka 2016 kuwapa wakazi wake huduma kwa shilingi 500 za Kenya kwa kaya, kwa mwaka mzima. Najua inauma kidogo waziri mzima kwenda kujifunza kwa gavana. Meza hiyo aibu, Mheshimiwa. Wagonjwa wako hawatakuuliza jibu ulilitoa wapi.

2. Nakili na njia, usinakili jibu peke yake

Kosa la waangaliziaji wengi ni kuchukua mstari wa mwisho. Wanaona kadi ya Rwanda, wanarudi nyumbani kuchapisha kadi. Kadi ni karatasi. Njia yake ni hii: majaribio yalianza katika wilaya tatu, si nchi nzima, maskini wa kwelikweli walilipiwa mchango wao na serikali na wafadhili, na kila kijiji kilikuwa na wahudumu wa afya wanaojua nani hajajiandikisha. Ndipo zaidi ya wananchi wanane kati ya kumi wakawa na bima.

Thailand nayo ina njia ndefu nyuma ya jibu fupi. Katika miaka ya 1980 ilisimamisha kwa muda uwekezaji mpya katika hospitali za mijini, fedha zikaenda kujenga hospitali za wilaya. Daktari aliyehitimu alipelekwa kwanza vijijini. Ilipofika siku ya kutangaza matibabu kwa wote, mgonjwa aliyeonyesha kadi alikuta jengo, daktari na dawa. Kwa hiyo kabla ya kunakili, uliza: walifanya nini miaka kumi kabla ya sherehe? Nakili hicho kwanza.

3. Chukulia kwamba kila mtu anajipenda

Usipange mfumo kwa ajili ya malaika. Panga kwa ajili yangu na wewe.

Tanzania ilikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya mtoto kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazo lilikuwa jema. Wazazi wengi walifanya hesabu ambayo ungeifanya hata wewe: mtoto mzima wa nini kumlipia? Wakaandikisha walio wagonjwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukajikuta unabeba wagonjwa bila wazima wa kuwachangia, na mwaka 2023 ukasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Usiwalaumu wazazi hao. Lakini usirudie: andikisha watu kwa makundi, na uwaandikishe kabla hawajaugua. Shule nzima, chama kizima cha ushirika, kituo kizima cha bodaboda.

Kisha jiulize fedha zao zinaingia lini. Mwenye mshahara anakatwa kila mwezi, hata hashtuki. Mkulima wa korosho ana fedha wakati wa mauzo. Mama mboga ana fedha jioni, na asubuhi zimesharudi sokoni. Kenya ilipoanzisha mfuko mpya wa bima ya afya, SHIF, mwaka 2024, mwajiriwa alikatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini asiye na ajira rasmi alihojiwa kuhusu makazi na maisha ya kaya yake, akapangiwa kiwango, kisha akatakiwa kulipa cha mwaka mzima kwa mkupuo. Wengi walijiandikisha, wachache wakalipa. Mheshimiwa, hata wewe hulipi kodi ya pango ya mwaka mzima kwa furaha.

Njia ya mkato kuliko zote ni hii, na nakuomba uitilie maanani: kwa wasio na mshahara, acha kukimbizana nao kwa ajili ya mchango. Tumia kodi. Ndivyo Thailand ilivyofanya. Takriban robo tatu ya wananchi wake wanatibiwa kwa fedha za kodi ya kawaida. Yule mama mboga tayari analipa kodi kila anaponunua sabuni na vocha. Mchango wake umeshafika Hazina. Kazi yako ni kwenda kuudai huko.

4. Kata utepe, lakini uchague utepe

Sitakuambia uache kukata utepe. Wewe ni mwanasiasa, unapenda kamera, na kamera inakupenda. Kata nyingi uwezavyo. Ninachokuomba ni kuchagua.

Majengo tumeshayajaribu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza Tanzania mwaka 2007, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo zuri. Wananchi walisomba mawe, wakafyatua tofali, kuta zikasimama. Pahali pengi muuguzi ndiye hakupatikana, au alikuja akaondoka, kwa sababu hapakuwa na nyumba, maji wala umeme. Basi kata utepe wa nyumba ya muuguzi. Andika jina lako ukutani kwa herufi kubwa kabisa. Hakuna atakayekukasirikia, na muuguzi atakaa.

Mashine nazo zina mvuto wake. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliingia mkataba wa mabilioni ya shilingi kuzipa hospitali za kaunti zote 47 vifaa vya kisasa vya kukodi. Baadhi vilikaa bila kutumika kwa kukosa umeme wa kutosha au mtaalamu wa kuviendesha, na Seneti ikaishia kuunda kamati ya kuchunguza. Wewe kabla hujapiga picha na mashine, uliza maswali matatu: umeme upo? Wa kuiendesha yupo? Fundi wa kuitengeneza yupo, na spea anazitoa wapi? Jibu moja likiwa hapana, piga picha na kitu kingine.

5. Ruka meza za katikati

Maneno yanayoua imani ya mwananchi kwa haraka kuliko hotuba yoyote ni haya mawili, yasemwayo dirishani: "Kanunue nje." Mwananchi aliyechangia bima, akapanga foleni tangu alfajiri, akaandikiwa dawa tatu na kupewa moja, hatachangia tena. Na anayo haki.

Jibu la kuangalizia lipo Dodoma. Mwaka 2014 mkoa huo ulianza kutumia mfumo wa Jazia: kituo kikikosa dawa Bohari ya Dawa, kinaagiza kwa msambazaji mmoja binafsi, anayeitwa mshitiri, aliyechaguliwa kwa ushindani, kwa bei iliyokwishakubaliwa. Kufikia mwaka 2018 mfumo ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Hapakuhitajika taasisi mpya, jengo jipya wala nembo mpya.

Fedha nazo ziruke. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 Tanzania ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Mganga mfawidhi na kamati ya kituo wakaanza kuamua wenyewe kama wanunue glavu au wazibe paa. Kila meza uliyoiruka ni wiki tatu za kusubiri saini umeziokoa. Kisha bandika kiasi kilichopokelewa kwenye ubao wa matangazo, nje, mahali ambapo kila mwenye kusubiri zamu atasoma. Watu hupenda kujua fedha za jirani. Watumie hao kama wakaguzi wako wa bure.

6. Iba kwa maskini, ndio wenye vitu vizuri

Hapa ndipo nakupa mali halisi, Mheshimiwa. Mambo yaliyookoa watu wengi kwa fedha kidogo mara nyingi yalizaliwa na uhaba.

Mwaka 1978 hospitali moja mjini Bogotá, Kolombia, ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Daktari Edgar Rey akawaambia akina mama wawafunge watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Leo njia hiyo ya kangaruu inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani hata kwa nchi zenye mashine. Gharama yake ni kitenge, kiti na muuguzi wa kuelekeza.

Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilipeleka wafanyakazi nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Katika miaka kumi walifikia kaya zaidi ya milioni 12. Ujanja wao ulikuwa kwenye malipo: mwalimu alilipwa kulingana na kiasi mama alichokumbuka alipoulizwa baadaye. Angalia walivyomjua binadamu! Iba ujanja huo, uupeleke kwenye kila semina unayolipia posho leo.

Ifakara, Morogoro, ilikuwa miongoni mwa sehemu nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani: vipengele 19, vinasomwa kwa sauti chumbani. Huyu ni mgonjwa yupi? Tunakata upande gani? Vifaa vimehesabiwa? Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni karatasi moja. Ichapishe.

Na kuna shuka la plastiki lenye vipimo, linalowekwa chini ya mama anayejifungua ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa macho. Lilijaribiwa pamoja na mpango wa matibabu ya papo hapo katika hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kuvuja damu kwa kiwango cha hatari na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Mama kufa kwa damu iliyokuwa inaonekana, kwa kukosa shuka la plastiki, ni jambo ambalo sisi hatuna ruhusa ya kulivumilia hata mwaka mmoja zaidi.

Gari la wagonjwa halipo? Angalizia m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa akina mama. Ilianza Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Tanzania ikaanza kuisambaza nchi nzima. Mtu anapiga 115 bure. Ikikosekana ambulensi, anatafutwa dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, anambeba mama, kisha analipwa. Magari yalikuwepo kijijini siku zote. Kilichokosekana ni namba ya simu na uhakika wa malipo.

7. Hapa usiibe: malipo ya watu

Kila njia ya mkato niliyokupa inapitia mikononi mwa mtu aliyeamka saa kumi na moja. Kwa hiyo mlipe.

Kenya ilishuhudia madaktari wakigoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na mzizi wa mgogoro ulikuwa mkataba uliosainiwa mwaka 2013 bila kutekelezwa. Mwaka 2024 wakagoma tena, siku 56, na safari hii malipo ya madaktari wanafunzi yalikuwa katikati ya ugomvi. Waliopoteza zaidi mara zote mbili hawakuwa mezani: ni wagonjwa wa vijijini wasio na nauli ya kwenda hospitali binafsi. Kanuni ni fupi: usisaini usichoweza kulipa, na ulichosaini lipa.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wasibaki watu wa kupewa fulana na shukrani. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu 100,000 wenye mikoba ya vifaa, na posho inayochangiwa nusu na serikali kuu, nusu na kaunti. Angalizia mpango huo, kisha uutimize kila mwezi. Mwanamke anayepita kaya kwa kaya akipima watoto utapiamlo anafanya kazi yako. Asiifanye akiwa na njaa.

8. Lipa kwa namna isiyovutia wizi

Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2010 ilikadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha za afya hupotea bure. Sehemu ya hizo inapotea kwa sababu tunalipa kwa kila kipimo na kila sindano. Ukimlipa mtu kwa idadi ya vipimo, ataona magonjwa mengi yanayohitaji kupimwa. Ana mkopo benki, ana ada za shule. Ningekuwa yeye, nami ningejaribiwa.

Thailand inalipa kituo kwa idadi ya watu waliosajiliwa kwake, wagonjwa na wazima, kwa matibabu ya kawaida. Kwa waliolazwa inalipa kulingana na kundi la ugonjwa, ndani ya bajeti iliyofungwa. Kituo kinapata nafuu watu wakiwa wazima. Jihadhari tu: anayelipwa kwa kichwa anajaribiwa kutoa kidogo. Kwa hiyo tangaza hadharani nani anachanja, nani anapima presha, nani anawarudisha watu nyumbani mikono mitupu. Hakuna mganga mfawidhi anayependa kituo chake kisomwe mwisho.

9. Feli mapema, feli padogo

Utafeli mahali fulani. Panga namna ya kufeli kwa heshima.

Kwanza, feli padogo. Tanzania iliujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii katika wilaya moja, Igunga, mwaka 1996, kabla ya sheria ya mwaka 2001. Kenya, kinyume chake, ilihama kutoka NHIF, mfuko wa bima ya afya uliokuwepo tangu 1966, kwenda mamlaka mpya siku moja, nchi nzima, tarehe 1 Oktoba 2024. Wagonjwa wa kusafishwa figo na wa saratani ndio waliohangaika mlangoni mfumo ulipokwama. Mgonjwa wa figo hana wiki mbili za kukusubiri urekebishe kompyuta. Acha mfumo wa zamani uendelee kulipa mpaka mpya umethibitika.

Pili, rudi nyuma haraka. Desemba 1989 Kenya ilianza kutoza ada hospitalini; wagonjwa wakapungua sana, na Septemba 1990 ada hizo zikasitishwa kwa sehemu kubwa. Hata mwaka haukupita. Aliyefuta aliokoa watu wengi kuliko ambavyo angewaokoa kwa kutetea uamuzi wake. Uamuzi mbaya unaofutwa baada ya miezi tisa husahaulika. Unaotetewa miaka tisa unapewa jina lako.

10. Chukua sifa, gawa kazi

Madaktari wa vijijini na watafiti wa Thailand, akina Sanguan Nitayarumphong, ndio waliosuka mpango kwa miaka mingi. Mwanasiasa Thaksin Shinawatra aliuchukua, akauweka kwenye kampeni, akashinda uchaguzi wa 2001, na sifa zikawa zake. Watu wakatibiwa. Mapatano mazuri. Kuna mtaalamu wizarani kwako, chumba cha mwisho, mwenye mpango uliokamilika tangu mawaziri watatu waliopita. Mtafute wiki hii. Mpe kazi, wewe chukua jukwaa.

Na uchague namba ambayo bibi kijijini ataikumbuka. Thailand ilisema baht 30 kwa kila ziara hospitalini. Makueni ilisema shilingi 500. Kitita chenye ngazi tano, vigezo saba na programu ya simu hakikumbukwi na mtu, wala hakidaiwi na mtu. Haki isiyokumbukwa haidaiwi.

11. Jipime mwenyewe

Usijipime kwa idadi ya kadi zilizotolewa. Mara mbili kwa mwaka nenda hospitali ya wilaya usiyoitangaza, keti karibu na dirisha la malipo kutwa nzima, uulize kila anayetoka: umeuza nini ili utibiwe? Umekopa kwa nani? Kuna dawa uliyoikosa? Uliza pia mochwari kama kuna mwili unaosubiri deni kulipwa. Andika majibu kwa mkono wako, kwa sababu taarifa itakayokufikia ofisini itakuwa imeshapambwa.

Mwaka ujao rudi pale pale, uulize maswali yale yale. Waliouza wakipungua, wewe ni waziri mzuri, hata kama kila wazo ulilotumia lilikuwa la mtu mwingine. Wasipopungua, usiunde tume. Piga simu Kigali, Bangkok au Wote, makao makuu ya Makueni, uliza wanafanya nini sasa hivi, na uanze kesho asubuhi.